Kisa cha Meja: namna ofisa wa jeshi alivyozikwa na kuenziwa kwao Lamu

Kwa nini kimeandikwa

Marehemu nitamuita Meja, cheo chake halisi sio hicho. Mwaka, kikosi, mtaa na mahali alipopatia majeraha nimeviondoa makusudi, na familia imesomewa yote haya kabla hayajatoka. Nakiandika manake hakitakuwa cha mwisho. Jeshi letu la Kenya limeingia Somalia Oktoba 2011, operesheni ya msitu wa Boni ikaanza Septemba 2015, na vijana wa visiwani wako kwenye safu kama vijana wa kwengine, wanakufa kama wengine, alafu maiti ikirudi nyumbani inakuta wazee, maimamu na kamati za mazishi ambao hawajawahi kukaa barza moja na ofisa wa jeshi kupanga maziko. Nilikuwa miongoni mwa waliokaa na familia tangu habari ilipofika mpaka bibi yake, yaani mkewe, alipotoka eda, ule muda wa mjane kukaa ndani, kwa hio mengi hapa niliyaona mwenyewe.

Usuli

Meja kazaliwa Lamu, kasoma chuo cha Kurani hapa hapa, akamaliza sekondari akaingia jeshini. Baba yake ni nahodha mstaafu, mama yake yuko, kaacha bibi na watoto watatu, msichana mkubwa na wavulana wawili. Akija likizo hashuki gati ya Lamu na yunifomu hata siku moja. Anafika Mokowe, gati ya upande wa bara, anabadilisha, anavuka na kanzu yake au kikoi na shati, na ukimkuta Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji, amekaa na rika zake huwezi kujua kama ni mtu anayeamrisha watu.

Lazima nieleze hali ya mji, manake bila hio maamuzi mengine hayataeleweka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, huko bara ya Lamu, Juni 2014 kulikuja kafyu ya usiku Julai mwaka huohuo, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku kwa miaka. Kwa mvuvi wa wavu wa jarife usiku ndio mshahara. Kuna watu hapa wana machungu ya kweli na vyombo vya usalama, wengine wamepoteza jamaa hawajui walipo. Sasa mtoto wa mji anapokufa ndani ya yunifomu, sio kila mlango unafunguka kwa namna moja, na Meja alilijua hilo akiwa hai. Akiwa likizo alikuwa anakwenda kukaa na wavuvi pale wanapopaka mashua, anawaeleza karatasi gani wawe nazo wakikutana na doria baharini, wajibu vipi, wasikimbie. Hakuwa anawatetea wakubwa zake wala kuwasema. Alikuwa anataka watu warudi majumbani kwao.

Dini yake ilikuwa ya vitendo. Nakumbuka alasiri moja kwenye darsa ya vijana, mtoto mmoja alimuuliza kama askari wanaswali vitani. Meja hakujibu kwa mdomo. Aliwasimamisha watoto safu mbili, akawaonyesha sala ya khofu kama ilivyokuja Suratun Nisaa aya ya 102: kundi moja linaswali na imamu, la pili limesimama linalinda, alafu wanabadilishana. Akawaambia, "Mmeona? Hata adui akiwa mbele sala haikuanguka, sasa wewe uko nyumbani na mpira unakushinda?" Watoto walicheka lakini walishika.

Na nyumbani vile vile. Binti yake alikuwa anahifadhi Juzuu Amma na baba ndiye msikilizaji. Kambini netiweki ni ya kubahatisha, kwa hio msichana anarekodi sura yake anamtumia WhatsApp, pengine siku tatu hakuna jibu, alafu usiku zinaingia sauti za baba mfululizo: "Hapo mamangu umevuta sana, madd ya hapo ni mbili tu, rudia." Bibi yake alisema hata siku za operesheni kubwa, jibu linachelewa lakini linakuja.

Yaliyotokea

Gari lao lilipanda bomu la kutegwa barabarani. Wengine walifia palepale, Meja alijeruhiwa vibaya akapelekwa Nairobi kwa ndege na kufariki hospitali siku ya pili yake. Hili la kufia hospitali mlishike, litarudi.

Jeshi lina utaratibu wake wa kuarifu: ofisa anatumwa mpaka nyumbani, pamoja na imamu au padri wa jeshi, anaongea na jamaa wa karibu ana kwa ana. Utaratibu ni mzuri lakini simu iliuwahi. Picha ya gari lililoungua iliingia kwenye magrupu asubuhi ya siku ya shambulio, mchana jina lake likaandikwa, na jirani mmoja akaingia ndani analia, "Poleni, poleni, Mungu awape subira," mama mtu yuko jikoni anachambua mchele hajui anapewa pole ya nini. Na wakati ule Meja alikuwa bado yu hai. Familia ilikaa usiku mzima na habari mbili, kafa, hakufa, mpaka siku ya pili jioni boti ilipofika na maofisa wawili na imamu wa jeshi, na waliposhuka tu gati watu walijua.

Kikao cha kwanza kilikuwa usiku ule ule barazani kwa baba yake. Maofisa walikuja na adabu na mpango ulioandikwa. Kwanza posmotamu, alafu gwaride fupi Nairobi, sanduku lililofunikwa bendera, ndege ya jeshi mpaka Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wa ndege, msafara mpaka makaburini, tarumbeta, mipigo mitatu ya bunduki juu ya kaburi, hotuba za kamanda na wawakilishi wa serikali. Kwa upande wa pili wazee walitaka mtoto wao azikwe upesi kama sunna inavyosema, bila sanduku, bila hotuba, bila risasi. Ilifika mahali mzee mmoja akasema bora waache hizo heshima zote, na ofisa mdogo akajibu kwamba marehemu ni wa jeshi vile vile. Kimya kikaingia. Ndipo baba mtu akasema neno lililobadilisha kikao: "Mimi sikatai heshima yenu. Mtoto amewatumikia. Lakini nipeni kama nilivyompokea kwa mamake, mikononi, si ndani ya sanduku."

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kumpata msemaji. Familia ilimchagua ami yake Meja, mwalimu mstaafu, yeye ndiye wa kuongea na jeshi, serikali na waandishi, na mambo ya sheria ya dini yakawa kwa Ustadh wa msikiti wao. Watu wawili, basi. Kabla ya hapo simu za maofisa zilikuwa zinapokewa na yeyote, kila mmoja anatoa jibu lake.

La pili, na kwangu mimi ndio kiini cha kisa kizima, walichora mpaka. Heshima za jeshi zitafanyika zote upande wa Manda, pale kiwanjani, na zikishaisha bendera inakunjwa, sanduku linafunguliwa ndani ya hema, mwili unahamishiwa kwenye jeneza la msikiti. Kuanzia jeti ya Manda kuja Lamu, Meja ni maiti ya Kiislamu kama maiti yoyote. Wanajeshi wanakaribishwa kubeba, kuswali kama ni Waislamu, kusindikiza, lakini amri ni ya Ustadh. Sababu zilikuwa za dini na pia za mji wenyewe: vichochoro vyetu vingine watu wawili wakipishana mmoja inabidi ageuke ubavu, sanduku kubwa lenye watu sita wa gwaride halipiti, na makaburi yako karibu na nyumba za watu ambao tangu 2014 mlio wa bunduki una maana moja tu kwao. Risasi za Manda zingesikika ng'ambo, kwa hio ilikubaliwa misikiti itangaze mapema saa na sababu yake.

Jambo la kuosha lilileta mjadala mkali kidogo. Vijana wawili watatu walisema Meja ni shahidi na shahidi haoshwi wala haswaliwi. Ustadh aliwajibu kwa upole: hukumu hio ni ya aliyefia kwenye uwanja wa vita, ama aliyejeruhiwa akaishi kisha akafa huoshwa na huswaliwa, na Sayyidna Omar alichomwa kisu msikitini, akaishi siku kadhaa, akafa, akaoshwa na akaswaliwa. Daraja yake kwa Mwenyezi Mungu hatuigawi sisi. Likaisha. Lakini kulikuwa na zito zaidi. Ndugu yake Meja aliyekwenda Nairobi alipiga simu kusema mwili hauwezi maji, ukimwagiwa utaharibika. Nilikuwepo Ustadh alipopokea ile simu. Hakusita, akamwambia imamu wa jeshi atafute udongo safi wenye vumbi, amtayamamishe, uso na mikono, alafu wamkafini na wasimfunue tena, hata kwa mamake. Ndugu yule alisema baadae kwamba imamu wa jeshi alileta ule udongo kwenye kibakuli cheupe cha chai, kauchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga, na alipokuwa anapitisha viganja kwenye uso wa ndugu yake alikuwa anamsemesha kwa jina lake. Kwa familia, hilo lilikuwa heshima kubwa kuliko gwaride, wamenikariria mara nyingi.

Hotuba zikakatwa. Kamanda aliongea Manda, maneno machache. Makaburini hakuna kipaza sauti, ni talkini, yale maneno anayosomewa maiti, na dua. Wanasiasa wawili waliotaka nafasi waliambiwa na ami waje matangani watoe mkono kama watu wengine, na walikuja.

Alafu daftari. Usiku wa kabla ya maziko bibi yake alitoa daftari dogo la jalada gumu ambalo Meja alikuwa analiacha nyumbani kila akiondoka. Mwandiko wa kalamu ya buluu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula. Upande mmoja anachodaiwa: fundi aliyemkarabatia dau la baba yake, salio. Duka la mtaani, kiasi. Binamu aliyemkopesha nauli. Upande wa pili anachowadai watu, na karibu majina yote hayo kayapiga mstari kaandika pembeni "nimesamehe". Ukurasa wa nyuma kabisa kaandika saumu, siku za Ramadhani alizofungua akiwa kwenye operesheni, na kila aliyolipa kaitia alama. Kumi na moja hazikuwa na alama.

Familia ikaamua kwamba kabla ya kufikiria jina la barabara, mashindano ya mpira au kumbukumbu yoyote, watamaliza daftari. Siku ya maziko, kabla ya sala, ami alisimama akatangaza kama desturi: anayemdai aje kwake, ambaye hawezi kungoja aseme sasa. Na zile saumu walizigawana baba na ndugu zake, kwa hadithi ya Bi Aisha iliyo kwa Bukhari na Muslim, kwamba aliyekufa na saumu juu yake atamfungia walii wake, yaani jamaa yake wa karibu. Baba mtu umri umeenda na Ustadh alimwambia anaweza kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku badala ya kufunga, mzee akakataa, akafunga zake.

La mwisho ni eda. Miezi minne na siku kumi. Ofisi ilitaka bibi asafiri Nairobi kusaini fomu na kupokea kumbukumbu ya mumewe kwenye hafla. Ami aliandika barua kueleza, akaomba fomu ziletwe Lamu na hafla ingojee. Fomu zililetwa na ofisa mwanamke, akakaa na bibi ndani, akamsomea kila ukurasa. Hafla ilisogezwa.

Matokeo

Meja alizikwa siku ya nne tangu kufariki, alasiri. Boti iliyobeba jeneza ilipotoka Manda wavuvi walikuwa wanangoja na mashua zao, hakuna aliyewaita, wakasindikiza pande zote mbili mpaka gati, kimya, tanga zimeshushwa. Baadhi yao ni watu ambao ukiwatajia jeshi wanatema mate. Walibeba jeneza kwa zamu wakipokezana na askari waliovua kofia na viatu vya gwaride, na pale kwenye safu za sala hukujua nani ni nani.

Madeni yalikwisha wiki ile ile. Mirathi ilipelekwa kwa Kadhi bila ugomvi wa muda mrefu: bibi thumni (moja ya nane), baba sudusi (moja ya sita), mama sudusi, kilichobaki watoto, mvulana hisa mbili za msichana. Watu wa nje walidhani jina lililoandikwa kwenye fomu ya jeshi ndilo lenye kila kitu, Kadhi akaeleza kwamba pensheni ina sheria yake na nyumba na pesa alizoacha zina mirathi yake. Mchango wa simu ulioanzishwa na mtu mmoja kwa jina la watoto ulisimamishwa, waliotuma wakarudishiwa, na waliokataa kurudishiwa pesa zao zikawekewa tangi la maji pale chuoni kwa niaba yake. Halina bango.

Uchambuzi

Kilichookoa maziko haya ni ule mpaka wa Manda. Tungejaribu kuchanganya, gwaride kidogo, dua kidogo, risasi kidogo, kila upande ungehisi umeporwa. Kwa kutenganisha, jeshi lilimpa heshima yake kamili, sio nusu, na msikiti ukampa haki yake kamili. Wanajeshi wenyewe walisema ilikuwa rahisi kwao kuliko walivyohofia, manake kila mmoja alijua saa yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Ila lazima kuwe na maji au kitu kingine cha kugawa. Malindi mjini, mfano, msafara unaingia kwa barabara moja kwa moja mpaka makaburini, wao itabidi mpaka wao wauweke penginepo, labda mlango wa msikiti.

Daftari lilifanya kazi ambayo hotuba isingeweza. Watu wa mji wenye kinyongo na yunifomu hawakuhitaji kuambiwa Meja alikuwa mtu mwema. Walimuona fundi wa dau akiitwa alipwe, na waliosamehewa madeni wakasema wenyewe, mmoja baada ya mmoja, matangani. Naamini kwa moyo wote kwamba mtu aliyeweza kuwa askari, baba na muumini kwa wakati mmoja huenziwa kwa kushika vile alivyovishika, na daftari lilituonyesha vyote vitatu kwa mwandiko wake.

Yaliyofeli ni haya, na yaliumiza.

Habari. Mama alipewa pole ya mtoto aliye hai. Hakuna msamaha unaofuta usiku ule. Aliyeweka jina kwenye grupu hakuwa na nia mbaya, alitaka watu waombe dua, lakini dua haihitaji jina mpaka familia iseme.

Bendera. Pale Manda ilikunjwa vizuri ikakabidhiwa kwa binamu aliyekuwa karibu, kwa sababu kikao kilipanga itakunjwa wapi lakini hakikupanga nani ataipokea. Ilikaa kwenye kabati la nyumba nyengine wiki kadhaa, na bibi yake Meja, ambaye yuko eda hatoki, alikuwa anauliza taratibu bila kutaka kuonekana ana pupa. Mwishowe baba mkwe aliifuata mwenyewe akampelekea.

Tangazo la risasi lilisikika mitaa ya pwani tu. Juu huko watoto wa shule walikimbia wakalia, mwalimu mmoja akafunga milango. Vipaza sauti vya misikiti peke yake havitoshi, ilitakiwa mtu atumwe kila shule.

Na sauti. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Katika matanga jamaa mmoja alisikilizishwa zile rekodi za Meja akimsahihisha binti yake, akaguswa, akaomba atumiwe moja, na kufika jioni imeshaforwadiwa Lamu, Mombasa mpaka Uarabuni, na picha ya Meja na bendera juu yake. Wengi walilia kwa kheri. Lakini msichana alirudi shule akakuta wenzake wanaisikiliza kwenye simu ya mwalimu, sauti yake mwenyewe ikikosea madd na baba yake akimrekebisha. Aliacha kuhifadhi kwa muda. Ile ilikuwa amana ya watu wawili, na mmoja alikuwa hai na ana haki ya kuulizwa. Rekodi zote sasa mamake kazihamishia kwenye memori kadi na kumkabidhi mwenyewe, na khaloo yake ndiye anayemsikiliza siku hizi. Amefika Suratul Fajr.

Kamati yetu ya mazishi imebadilisha mambo machache. Wenye magrupu ya mtaa wamekubaliana jina la aliyepatwa na msiba halipostiwi mpaka msemaji wa familia aseme, na anayeposti anatolewa. Kwenye fomu yetu ya mazishi tumeongeza mstari wa nani atapokea vitu vya marehemu kutoka kazini kwake. Na askari kadhaa wa hapa wamekuja kwa Ustadh wakiwa likizo, kila mmoja kwa wakati wake, kuandika wasia. Anawaandikisha kwanza madeni na amana, alafu saumu na zaka kama zipo, alafu nani aongee na jeshi, alafu bendera apewe nani. Anawakumbusha kwamba wasia wa mali hauzidi thuluthi na mrithi haandikiwi, na kwamba nakala moja ibaki nyumbani mahali bibi anapajua, sio kambini.